Wauza pipi langoni mwa shule za msingi: tuwaondoe au tuwaache?

Baba wa Buhongwa (mwanzisha mada)

Wakuu, wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 7 kung'oa jino. Sikuwa na presha, nikijua ni la utoto, litaota jingine. Tabibu akaniuliza, "Baba, unajua hili ni la ukubwani?" Nikabisha. Pale hapajawahi kung'oka jino, la ukubwani limetoka wapi? Kumbe gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, wala halisukumi jino lolote. Linachomoza kimyakimya na mzazi analijumlisha na yale 20 ya utoto. La binti yangu halikumaliza hata miaka miwili mdomoni.

Ndipo nikapekua begi lake. Vijiti saba vya pipi. Cha nane kilikuwa bado na pipi nusu, kimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Anasema huwa anailamba kidogo kidogo darasani ili isiishe. Langoni kwao kuna meza nne: jojo, pipi za kijiti, barafu za juisi kwenye vifuko, na ubuyu wa rangi ile inayokaa kwenye ulimi hadi jioni.

Hoja yangu: serikali ya mtaa na kamati ya shule wapige marufuku vitu vitamu ndani ya mita 100 kutoka langoni. Mnipinge kwa hoja.

Mama Lambalamba, Igoma

Pole na mtoto. Ila hela ya kununua pipi anapewa na nani? Huu ni mwaka wa sita nauza lambalamba na karanga nje ya shule. Lambalamba zinaisha kabla ya saa tano, karanga narudi nazo. Niliwahi kupeleka michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), nikaila mwenyewe na wanangu. Mkituondoa sisi, duka la Mangi liko ng'ambo ya barabara na jojo ni zilezile, ila sasa mtoto atazifuata katikati ya malori. Na chai ya asubuhi huko nyumbani kwenu mnaweka vijiko vingapi? Tuanzie hapo.

Mpenda Asili

Shida ni vitu vya viwandani. Bibi yangu kule Magu alikula miwa na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) maisha yake yote, mswaki wake kijiti cha mwarobaini, na kafa na meno yake kamili. Hizo dawa za meno zenye floraidi ndizo zinazowaharibu watu wa Arusha meno yanakuwa kahawia.

Tabibu wa Meno, wilayani

Mpenda Asili, ngoja nianze na wewe. Meno ya kahawia ya Arusha na Kilimanjaro yanatokana na maji: ardhi ya kule ina floraidi nyingi (madini yanayoimarisha jino, ila yakizidi yanalitia doa), na mtoto anayanywa miaka yote ambayo meno yake yanajengeka ndani ya ufizi. Maji ya bomba hapa Mwanza yanatoka ziwani, floraidi yake ni ndogo. Kwa hiyo sisi ndio tunaoihitaji hasa kwenye dawa ya meno. Soma boksi, utafute namba ya floraidi (ppm) kati ya 1,000 na 1,500. Mtoto wa darasa la kwanza anatosha na kiasi cha punje ya njegere, ateme povu, asisukutue.

Bibi yako namheshimu. Lakini matobolwa nayo ni matamu na yananata kwenye magego. Kilichomsaidia nadhani ni kwamba alikula, akamaliza, akaenda shamba. Hapo ndipo kwenye kiini. Sukari ikiingia mdomoni, bakteria wanaigeuza asidi, na asidi inamung'unya tabaka gumu la nje la jino. Mate yanahitaji kama nusu saa kurudisha hali. Mtoto anayekula pipi tatu kwa mkupuo baada ya chakula anashambuliwa mara moja. Anayelamba pipi moja kuanzia saa mbili hadi saa tano hampi mate nafasi kabisa. Ile nusu iliyoviringishwa kwenye karatasi, Baba wa Buhongwa, ndiyo iliyokula gego.

Kuhusu marufuku, siipingi, ila siitegemei. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitaja watoto milioni 514 wenye meno ya utoto yaliyooza. Hao wote hawana Mama Lambalamba mlangoni. Ningepata nafasi ya kuomba jambo moja, ningeomba watoto wapige mswaki shuleni, kila siku, baada ya uji.

Na kinachoniuma ni hiki: njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mtoto analala juu ya madawati mawili, unakwangua palipooza, unaziba, anarudi darasani. Lakini wanaonifikia wengi shavu limeshavimba, nabaki na koleo tu.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Ilemela

Tabibu, njoo darasani kwangu. Watoto 112, bomba moja, na kuna siku halitoi. Miswaki 112 nitaitunza wapi isichanganyike? Nikiwaambia wazazi wachangie dawa ya meno, naulizwa kama sijasikia elimu bila ada. Jino bovu linaleta matokeo mabaya kweli, nakubali. Kuna mtoto wangu muhula huu analala kwenye dawati kila baada ya mapumziko kwa sababu usiku hakulala.

Ila niseme na la kwangu. Anayejibu swali gumu darasani kwangu nampa pipi. Mwaka wa tisa sasa.

Mama Lambalamba, Igoma

Mwalimu, hizo pipi unanunua kwangu au kwa Mangi?

Tabibu wa Meno, wilayani

Bomba si lazima. Wanapiga mswaki mkavu na dawa kidogo, wanatema kwenye shimo la mchanga. Miswaki itobolewe mpini, itundikwe kwenye misumari yenye namba. Kazi ni dawa ya meno, hapo sina jibu.

Baba wa Buhongwa (mwanzisha mada)

Zile mita 100 bado nazitaka, ila nimepunguza sauti. Mama Lambalamba, swali la chai limenipata: vitatu.

Jana usiku nimempigisha mswaki mwenyewe kwa mwanga wa simu. Gego la upande wa pili lina doa jeusi, dogo kama ncha ya kalamu. Tabibu, hilo linazibika?

Tabibu wa Meno, wilayani

Linamuamsha usiku?

Baba wa Buhongwa (mwanzisha mada)

Hapana. Anasema barafu ndiyo inamshtua.

Tabibu wa Meno, wilayani

Mlete kesho asubuhi, usingoje mwisho wa mwezi. Na asije na njaa.