Tokeni za nyumba na bondi: uwekezaji ama tunauziwa hewa?

Wadau, leo tubishane bila matusi. Kwa chama chetu mwenzetu mmoja amekuja na stori ya tokeni, eti nyumba ama bondi (deni la serikali linalolipa riba) inakatwa vipande kwa blokicheni, yaani daftari la kidijitali la mtandaoni, kila kipande ni tokeni, ukiwa na elfu mbili unanunua kipande chako na kodi ya wapangaji inaingia kwa simu. Nusu ya chama inataka kuingia, nusu inasema ni utapeli ule ule tu.

Mimi naogopa, na sio teknolojia inanitisha. Hii Kenya unaweza kuwa na hati mkononi na umefanya sachi Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, na bado atokee mtu na hati nyingine ya ploti hiyo hiyo. Sasa tokeni inasaidia nini hapo? Blokicheni inajua kipande ni chako, lakini msajili wa ardhi hakujui kabisa, anaijua kampuni iliyokuuzia tokeni. Wakurugenzi wakipotea utaenda kortini na nini, skrinshoti?

Na msiniambie ni shida ya Afrika. Detroit, Marekani, kuna kampuni ya tokeni inaitwa RealT, walikuwa wakiuza nyumba kwa vipande vya kama dola 50, watu wa nchi kibao wakanunua. Julai 2025 jiji likawashtaki juu ya nyumba zaidi ya 400 zilizoachwa zichakae. Paa likivuja, watu 300 wenye vipande vya nyumba moja, kila mtu nchi yake, nani anaita fundi?

*

Kaka unaogopa sana. Bondi ya miundombinu ya Februari 2024 ililipa asilimia 18.46 bila kodi na kiingilio kilikuwa laki moja. Mtu wa boda laki ya kufungia miaka nane na nusu anaitoa wapi? Wenye nazo walikula, sisi tukasoma kwa gazeti. Ikatwe hata mia tano mia tano niingie.

*

Mia tano sio dawa. Umesahau M-Akiba, ile bondi ya serikali ya kununua kwa simu? 2017, elfu tatu tu, unanunua na M-Pesa, asilimia 10 bila kodi. Ya majaribio ya milioni 150 iliisha haraka, wakarudi wakitafuta bilioni moja wakapata kama milioni 247. Sawa, ulikuwa mwaka wa uchaguzi, lakini wengi walijisajili wakaishia hapo.

*

Mkuu, huku Bongo mnatuchekesha. UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wanauza vipande tangu 2005, na vinaitwa vipande hivyo hivyo, hamna blokicheni wala nini, ukitaka hela yako mfuko wenyewe unavinunua tena. Hizo tokeni zenu siku mtoto anaumwa usiku nani atazinunua? Halafu cha ajabu, Sheria ya Fedha ya 2024 imetuwekea kodi ya zuio asilimia 3 kwa mali za kidijitali, yaani kodi imefika kabla ya ulinzi.

*

Mimi nilishaliwa na kampuni ya nyumba, karatasi zote, mihuri, wakili, ofisi ya vioo. Tokeni haikuwepo. Kwa hivyo nikisikia "hii ni salama kwa sababu iko kwa blokicheni" nacheka tu.

*

Pole sana dada. Kenya sheria ya mali pepe, yaani mali za kidijitali kama hizi tokeni, ilitiwa saini Oktoba 2025, leseni zinatolewa na Benki Kuu na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Huyo mwenzetu nimemwambia Jumapili aje na vitu viwili, leseni, na jina lililoandikwa kwa hati ya nyumba. Mpaka saa hii ameleta video tu.