Ushauri: duka la pembejeo, matawi matatu, mtandao wa kubahatisha. Nitumie fremuweki gani?

Mkulima wa Msimbo

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijajitia kitanzi.

Nimepata kazi kwa mfanyabiashara wa pembejeo hapa Morogoro. Ana duka mjini, na matawi Kilosa, Ifakara na Mahenge. Anauza mbegu, mbolea, dawa za mimea na mifugo, na vitu vidogovidogo kama pampu za kupulizia. Mfumo alionao alitengenezewa mwaka 2012 kwa Silverlight, programu-jalizi ya Microsoft ya ndani ya kivinjari iliyokwisha kufa. Ndiyo, Silverlight. Unafunguka kwenye kompyuta moja tu ya Windows 7 iliyoko mjini, ndani ya Internet Explorer, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa hata kuifuta vumbi. Matawi yanaandika kwenye kaunta buku, jioni wanapiga picha kurasa na kuzituma WhatsApp, kesho yake binti wa ofisini anaingiza moja moja. Aliyeutengeneza hapokei simu.

Bosi anataka kila tawi liuze kwa kishikwambi, yeye aone mauzo yote akiwa popote, na ajue mfuko wa mwisho wa mbolea ya DAP uko tawi gani. Mtandao wa Mahenge unakuja na kuondoka. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme.

Mimi nimezoea Laravel, fremuweki ya PHP ya upande wa seva, na JavaScript ya kuungaunga. Wiki mbili nzima naangalia video za fremuweki, yaani viunzi vya kujengea programu za kivinjari, kila mtu ana dini yake: React, Angular, Vue, Svelte, mwingine anasema zote takataka, tumia htmx. Rafiki yangu kaniambia niugawe mfumo kuwa maikrosevisi saba, yaani programu ndogo saba zinazojitegemea. Saba! Niko peke yangu, nimepewa miezi minne, na ujauzito wa mke wangu ndio wenye miezi saba.

Nawasilisha.

Kijana wa Makumbusho

React mkuu. Kazi zipo, watu wapo, ukikwama jibu lipo. Weka Next.js juu yake, ipandishe kwenye seva za Vercel mtandaoni, umemaliza.

Chuma Chakavu

Amemaliza nini? Mtu kasema Mahenge hakuna mtandao, wewe unampeleka Vercel.

Na msidhani ni Mahenge tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hapa Dar nilishinda naangalia kaduara kanazunguka. Duka likifungwa kwa sababu kivinjari hakiwezi kuongea na seva, hilo ni kosa la aliyelisanifu.

Mama Kanzidata

Pole kwa kichwa kuuma, na hongera kwa mgeni anayekuja. Ila mdogo wangu umeuliza rangi ya bati kabla ya kupima kiwanja.

Nijibu hili kwanza. Saa nne asubuhi, Mahenge hakuna mtandao. Muuzaji anatoa mifuko mitatu ya urea, anapokea pesa, mteja anaipakia kwenye bodaboda anaondoka. Saa tisa mtandao unarudi, kishikwambi kinapeleka mauzo, seva inaangalia inakuta Mahenge ilikuwa na mifuko miwili tu. Itafanya nini? Wengi wanaandika hapo: kataa, salio halitoshi. Unamkatalia nani? Mbolea iko shambani tayari.

Kwa hiyo seva haikatai. Inapokea, inaandika salio ni hasi moja, halafu inampigia kelele mtu wa ofisini atafute kosa, ambalo mara nyingi ni mzigo uliopokelewa bila kuandikwa. Ukishalikubali hilo, sehemu kubwa ya usanifu inajichora yenyewe.

Usihifadhi salio kama namba unayoifuta na kuiandika upya. Hifadhi matukio: mzigo umeingia, umeuzwa, umehamishwa, umeharibika, umehesabiwa upya. Salio ni jumla ya matukio. Vishikwambi viwili vya duka moja vikituma "salio sasa ni 12" na "salio sasa ni 9", kimoja kitamfuta mwenzake na hutajua. Vikituma "nimetoa 3" na "nimetoa 6", zinajumlishwa tu, hata zikifika nyuma mbele.

Kila tukio lipewe UUID, namba ya utambulisho isiyojirudia, kwenye kishikwambi chenyewe, pale linapozaliwa, na kwenye kanzidata uzuie UUID moja isiingie mara mbili. Mtandao mbovu una ujanja mmoja: ombi lako linafika, jibu linapotea njiani. Kishikwambi kitadhani hakikusikika, kitatuma tena. Bila UUID umeuza mifuko sita. Saa ya kishikwambi usiiamini. Andika nyakati mbili, ule ambao kishikwambi kinasema kiliuza na ule ambao seva ilipokea. Bei inakiliwa ndani ya muamala wenyewe, la sivyo bosi akipandisha bei leo, ripoti ya mwezi uliopita inapanda nayo. Pesa ziwe namba kamili za shilingi. JavaScript ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004, na mhasibu hana utani.

Maikrosevisi saba: hapana. Laravel moja, kanzidata moja ya PostgreSQL, seva moja, na nakala ya kila usiku inayolala mahali pengine.

Mkulima wa Msimbo

Mama, hilo la seva kutokataa sikuwa nimeliwaza kabisa. Kwenye daftari langu nilishaandika "hakikisha salio linatosha" na nikapigia mstari mara mbili.

Sasa kama Laravel inabaki, si nimalizie na Livewire, kiongezi chake cha kujengea skrini? Sihitaji kujifunza kitu kipya.

Chuma Chakavu

Livewire ukibonyeza kitufe inakimbilia seva kuuliza. Htmx vilevile. Mahenge utabonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Mama Kanzidata

Chuma yuko sahihi kwa kaunta, si kwa ofisi. Mfumo wako una nyuso mbili, na hazifanani mahitaji.

Kaunta ina skrini chache: tafuta bidhaa, weka kikapuni, pokea pesa, pokea mzigo, hesabu ya kufunga siku. Hapa ndipo unapohitaji programu tajiri hasa, inayoishi kwenye kishikwambi, iliyobeba orodha ya bidhaa na bei, na yenye foleni ya matukio yanayosubiri kutumwa. Vue inatosha, ukitaka React chukua React, kishikwambi kikiwa dhaifu sana Preact ni nyepesi mno. Data iweke IndexedDB, kanzidata iliyo ndani ya kivinjari, na ili usiumwe na kichwa tumia maktaba ya Dexie. Usiweke mauzo kwenye localStorage, ile hifadhi ndogo ya kivinjari, ina nafasi ya megabaiti 5 hivi na siyo kazi yake. Sevisi-woka, msimbo unaofanya kazi nyuma ya pazia kwenye kivinjari, ihifadhi faili za programu ili ifunguke hata bila mtandao.

Ofisi ina skrini nyingi: bidhaa, bei, wasambazaji, madeni, ripoti, watumiaji. Lakini iko mjini na mtandao upo. Hizo andika kwa Livewire au hata kurasa za kawaida za Blade, violezo vya Laravel, haraka haraka. Watu wanapoteza miezi kujenga ukurasa wa "badilisha nenosiri" kwa React kana kwamba ni chumba cha rubani.

Kijana wa Makumbusho

Nyuso mbili ni msimbo mara mbili. Mtu mmoja atazitunzaje?

Mama Kanzidata

Kwenye kaunta ni skrini tano. Akishindwa kutunza tano hata hizo nyingine thelathini hataziweza kwa lugha yoyote.

Mzee wa Modemu

Niliposoma neno Silverlight nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mimi mwenyewe niliwauzia watu Flex, ndugu yake iliyotegemea Flash.

Jina la programu tajiri za intaneti lililetwa na Macromedia mwaka 2002. Ahadi ilikuwa tamu: madirisha, kuburuta vitu, majedwali yanayojipanga, yote ndani ya kivinjari, wakati kurasa za kawaida zilikuwa zinajaa upya kila ukibonyeza. Microsoft wakaleta Silverlight 2007. Flash ikazikwa tarehe 31 Desemba 2020, Silverlight ikafuata 12 Oktoba 2021. Vijana mnasema hizo zilikuwa programu-jalizi, JavaScript ni habari nyingine. Haya: AngularJS iliachwa mwisho wa 2021, na kuhama kutoka hiyo kwenda Angular ya 2016, kwa wengi wetu ilikuwa ni kujenga nyumba nyingine. Vue 2 ilifungwa 31 Desemba 2023. React ya 2013 ingali hai, ila ilivyoandikwa wakati ule na inavyoandikwa sasa ni lahaja mbili.

Sheria za biashara nilizoweka kwenye seva mwaka 2009, kuna mahali bado zinafanya kazi. Zile nilizozichanganya ndani ya vitufe vya Flex zilizikwa na Flex. Wewe Mkulima huwezi kuweka zote kwenye seva kwa sababu ya Mahenge. Basi hesabu ya punguzo, ukomo wa mkopo na ubadilishaji wa vipimo viandike kwenye faili za JavaScript tupu, zisizojua kama Vue ipo duniani, na uzipime zikiwa peke yake. Siku Vue ikienda zake, unabadilisha nguo, mwili unabaki.

Mkulima wa Msimbo

Shikamoo mzee. Umetaja vipimo na ndicho kinachoninyima usingizi. Mbolea inauzwa mfuko wa kilo 50, lakini Ifakara wanafungua mfuko na kuuza kilo moja moja. Na dawa zina tarehe ya kuisha.

Mzee wa Modemu

Marahaba. Hifadhi kwa kipimo kidogo kuliko vyote wanavyouza. Mbolea iwe gramu, 50,000 kwa mfuko, skrini ndiyo imwonyeshe muuzaji "mfuko" au "kilo". Ila kufungua mfuko ni tukio, liandikwe. Mfuko uliofunguliwa huwezi kuuhamishia Mahenge kama mzima, na kilo zinazomwagika pale zina mwenyewe wa kuulizwa. Dawa ziingie kwa toleo la kiwandani na tarehe yake, kishikwambi kipendekeze inayoisha mapema.

Nahodha wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Niongeze jambo moja lililonitoa jasho, maana hamjaligusa.

Tulimtengenezea msambazaji wa vinywaji kitu kama hiki. Ikafanya kazi vizuri. Baada ya miezi mitatu tukabadilisha umbo la rekodi ya mauzo, sehemu moja ya "mteja" ikawa mbili. Seva tukaipandisha Jumapili usiku. Kumbe wauzaji wawili simu zao hazijawahi kufunga ile programu, ziko na toleo la zamani lililohifadhiwa na sevisi-woka. Zikatuma rekodi za umbo la zamani, seva ikajibu hapana, na programu yetu, kwa akili zetu wenyewe, ilikuwa inafuta rekodi iliyokataliwa. Siku tisa za mauzo. Tuliyapata kwa kupitia vitabu vya risiti mkono kwa mkono, na mwenye biashara akiwa amekaa mbele yetu kimya.

Tangu siku hiyo: kila rekodi inabeba namba ya toleo lake. Seva inaipokea na kuihifadhi ilivyo kwanza, kuitafsiri ni kazi ya baadaye. Matoleo ya zamani yanakubaliwa kwa miezi kadhaa. Simu haifuti kitu mpaka seva iseme "nimepokea UUID fulani". Na pale juu ya skrini weka namba kubwa: "12 hazijatumwa". Muuzaji akiiona inapanda atakupigia kabla hujapigiwa na bosi.

Usitegemee pia ile huduma ya kivinjari ya kutuma kimyakimya programu ikiwa imefungwa. Chrome ya Android inayo, Safari na Firefox hazina. Foleni ijaribu kila programu inapofunguliwa, na kila baada ya dakika chache ikiwa wazi. Rahisi na haikudanganyi.

Mkulima wa Msimbo

Siku tisa! Nimesoma hii nikiwa nakula nikaacha.

Bosi ana iPhone lakini.

Nahodha wa Likoni

Bosi anaangalia tu, mpe ukurasa wa ofisi. Kama angeuza, ungemwambia aiweke programu kwenye skrini ya mwanzo, kwa sababu Safari hufuta data ya tovuti isiyotumiwa kwa siku 7. Vishikwambi vya Android navyo omba hifadhi ya kudumu, usiache kivinjari kijiamulie nafasi ikibana.

Mpita Njia

Samahani kuharibu sherehe. Kwa nini asitumie Odoo, mfumo wa biashara uliokwisha kuandikwa? Sehemu yake ya kuuzia (POS) inahimili mtandao ukikatika katikati ya kazi, mambo ya stoo yameshaandikwa, na ukijiandikia mwenyewe miezi minne inakuwa sita.

Mama Kanzidata

Si hoja mbaya, na kwa duka la mjini ningeikubali. Kizuizi ni asubuhi: kukatika katikati ya kazi ni kitu kimoja, kuamka hakuna mtandao na kishikwambi kimezimika usiku ni kingine. Mkulima, ijaribu hivyo hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Washa, zima data, zima kishikwambi, washa tena, uza. Ikipita, chukua hela yako ukalee mtoto.

Mkulima wa Msimbo

Nimejaribu jana na leo, mara tatu, nikiwa nimezima data kabla ya kuwasha. Sikufika kwenye skrini ya kuuzia. Labda mwenye ujuzi wa Odoo angefika, mimi sikufika.

Kwa hiyo: Laravel na PostgreSQL, ofisi kwa Livewire, kaunta kwa Vue na Dexie, matukio badala ya salio, risiti ya kodi ya EFD ibaki kwenye mashine yake. Naanza na Kilosa kwa mwezi mmoja, kaunta buku likiendelea pembeni, tulinganishe kila jioni. Mahenge mwisho.

Mama Kanzidata

Sawa. Ila ile kompyuta ya Windows 7 ndiyo yenye miaka yote ya bosi ndani yake. Nakala ya kanzidata yake itoe leo. Usisubiri Jumatatu.

Mkulima wa Msimbo

Saa 5:40 usiku. Nimeiamsha, diski inalia kama chura wa masika. Chini ya ile Silverlight kulikuwa na SQL Server ya kawaida tu, faili lina gigabaiti 1.4, nimelitoa kwenye flashi mbili na moja nimeondoka nayo. Nimelifungua hapa nyumbani, mauzo ya 2012 yapo yote.

Mke wangu anauliza huyo Mama Kanzidata ni nani anayenituma dukani usiku wote huu.