Naomba ushauri: Wi-Fi haiwaki kwenye Linux niliyojijengea

Habari zenu wakuu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Nimejenga Linux From Scratch kwenye laptop yenye kadi ya Wi-Fi ya Intel 8265. Vingine vyote vinafanya kazi, Wi-Fi tu ndiyo imegoma. Dmesg (kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha Linux) inasema famuwea ya kadi (programu ndogo inayoiendesha), faili iwlwifi-8265-36.ucode, imeshindwa kupakiwa, hitilafu -2, yaani faili halionekani. Lakini lipo! Nimeliweka /lib/firmware, ruhusa ziko sawa, nikawasha upya, wapi.

Draiva ya kadi, iwlwifi, iko ndani ya kerneli, si moduli (kipande kinachopakiwa baadaye), na initramfs (mfumo mdogo wa mafaili wa kuanzia) sina. Nahisi inatafuta faili kabla mfumo wa mafaili haujapachikwa. Je, niigeuze moduli, au niingize famuwea ndani ya kerneli kwa mpangilio wake wa CONFIG_EXTRA_FIRMWARE? Mashine hii ikianza kukompaili kerneli inakesha, ndiyo maana nauliza kwanza.

Natanguliza shukrani.