Ubuntu, Windows mbili na Mac ofisi moja: folda na printa ya USB vinagoma kushea, naomba msaada

Karani_wa_Kati:
Habari za kazi wakuu. Ofisi ina kompyuta ya mezani yenye Ubuntu 24.04 (iko kwenye UPS, inawaka siku nzima), laptopu ya Windows 10 Home, laptopu ya Windows 11 Pro 24H2, na MacBook moja. Printa ni HP LaserJet P1102, ya USB tu, haina waifai. Zote zinapita ruta moja, anwani 192.168.1.x.

Folda ya kazi iko kwenye diski ya nje iliyochomekwa Ubuntu. Nimeishea kwa kubofya kulia na kuruhusu wageni. Hali ilivyo:

Windows 10 inaiona folda na kusoma, ila ukisevu inakataa.
Windows 11 haifungui kabisa, inasema sera za usalama za taasisi haziruhusu mgeni asiyejitambulisha. Taasisi gani tena, wakati laptopu ni yangu?
Mac inafungua vizuri, ila baadhi ya faili zilizotoka Mac zikionekana kwenye Windows majina yamekatwakatwa, mfano RIPOT~7X.

Printa nilihamishia Windows 10 nikaishea kutoka huko, Windows 11 inaleta 0x0000011b. Kununua NAS (kisanduku cha kuhifadhi faili za mtandao) hakumo kwenye bajeti. Nianzie wapi?

mzee_wa_terminali:
Mkuu, anza kwa kurudisha printa kwenye Ubuntu. Mashine isiyozimwa ndiyo iwe mwenyeji wa vyote viwili, faili na printa. Ukigawa, folda huku na printa kule, mtu akifunga laptopu akaondoka nayo ofisi nzima haiprinti.

Hilo la Windows 11 si kosa la laptopu. Toleo la 24H2 la Pro linataka kila pakiti ya SMB (lugha ya Windows ya kushea faili) itiwe saini, na saini inatokana na neno la siri. Mgeni hana neno la siri, hivyo hana cha kutilia saini. Mtandaoni utakuta watu wanakuelekeza uzime ulinzi huo. Usizime, mpe kila mtu akaunti. Ni kazi ya dakika kumi.

Folda nayo iondoe kwenye /media. Diski inayojifungua yenyewe kwenye /media/jina_lako ni mali ya aliyeingia tu, na Samba (programu ya Linux ya kushea kwa SMB) ikipita kwa jina la mtu mwingine inagonga mlango uliofungwa. Tena kompyuta ikijiwasha baada ya umeme kukatika na hakuna aliyeingia, diski haipo kabisa. Kwenye /home nako usiweke, maana Ubuntu ya siku hizi imefunga folda za nyumbani kwa watumiaji wengine. Weka kwenye /srv:

sudo apt install samba
sudo groupadd ofisi
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chgrp ofisi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi

Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la "ofisi" badala ya kundi la aliyelitengeneza. Ukiisahau, Asha akisevu faili, Juma anaweza kushindwa kulifungua au kulirekebisha.

Kisha kila mtu:

sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin asha
sudo usermod -aG ofisi asha
sudo smbpasswd -a asha

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Samba ina daftari lake la maneno ya siri, halisomi lile la Linux. Akaunti lazima iwepo kwanza kwenye Linux, ndipo smbpasswd iikubali.

Mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf ongeza:

[kazi]
path = /srv/kazi
valid users = @ofisi
read only = no
force group = ofisi
create mask = 0660
directory mask = 2770

Andika testparm uone kama kuna herufi iliyokosewa, halafu sudo systemctl restart smbd. Kama faiawoli ya ufw imewashwa:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

NyayaNyekundu:
Naongezea upande wa Windows. Usihangaike kusubiri kompyuta itokee yenyewe kwenye "Network". Fungua kwa anwani ya Ubuntu moja kwa moja (tuseme ni 192.168.1.10):

net use Z: \\192.168.1.10\kazi /user:asha /persistent:yes

Itakuuliza neno la siri. Ni lile la smbpasswd. PIN ya Windows haisafiri kwenye mtandao, ipo kwa ajili ya mashine hiyo tu, kwa hiyo usiijaribu hapo.

Ukipata kosa namba 1219, maana yake Windows tayari ina muunganisho na seva hiyo kwa jina jingine (ule wa ugeni wa mwanzo), na haikubali majina mawili kwa seva moja. Futa yote kwa net use * /delete, kisha ingia Credential Manager ufute kilichosevwa kuhusu 192.168.1.10. Wakati mwingine hata hapo inang'ang'ania, basi toka kwenye akaunti ya Windows uingie upya.

Ukipata 0x80070035, hapo hata mlango haujafikiwa. Fungua PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

TcpTestSucceeded ikisema False, shida ni mtandao au faiawoli, usiguse smb.conf. Angalia kama laptopu haijaingia kwenye waifai ya wageni, kwani ruta nyingi huwatenga wageni wasionane na wengine. Ikisema True, rudi kwenye majina na maneno ya siri.

Halafu ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uifungie Ubuntu anwani yake ya 192.168.1.10 kwa MAC yake (namba ya kadi yake ya mtandao). La sivyo siku ruta ikizimika na kuwaka, Ubuntu inaweza kupewa .14, na Z: zote zinakufa kwa pamoja.

Karani_wa_Kati:
Asanteni sana. Windows 10 sasa inasevu bila shida. Windows 11 bado inatoa ujumbe uleule wa mgeni, na nimeweka jina na neno la siri. Nimeandika upya mara tatu.

mzee_wa_terminali:
Angalia jina, si neno la siri. Kwenye smb.conf ya Ubuntu kuna mstari wa map to guest = bad user. Maana yake Samba ikipewa jina isilolijua haikatai, inamgeuza huyo mtu kuwa mgeni kimyakimya. Windows 11 inaona imepewa ugeni, inakataa, na wewe unasoma ujumbe wa mgeni ilhali kosa ni herufi moja ya jina. Ungekosea neno la siri kwa jina sahihi ungepata kukataliwa kwa kawaida.

Badilisha uandike map to guest = never, anzisha upya smbd. Ujumbe wa kosa utaanza kusema kweli. Kisha sudo pdbedit -L ikuonyeshe majina ambayo Samba inayajua.

Karani_wa_Kati:
Pdbedit inaonyesha "juma". Mimi nilikuwa naandika "jumaa", ndivyo akaunti yake ya Windows inavyoitwa. Imefunguka. Sasa Mac na printa.

Dada_Seva:
Mac: kwenye Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.10/kazi. Majina yaliyokatwa yanatokana na alama kama : ? * na ", ambazo Linux inazikubali kwenye jina la faili na Windows inazikataa. Samba ikikutana nazo inaunda jina fupi la kubahatisha ili Windows iweze kulifungua. Dawa ni moduli za Samba, catia pamoja na fruit. Weka kwenye [global] ya smb.conf, si ndani ya [kazi]:

vfs objects = recycle catia fruit streams_xattr
fruit:metadata = stream
fruit:encoding = native
recycle:repository = .taka
recycle:directory_mode = 0770
recycle:keeptree = yes
recycle:versions = yes

Mstari wa vfs objects uwe mmoja tu. Ukiandika mwingine ndani ya [kazi], wa ndani unaufuta wa juu, hauongezwi juu yake. Na mpangilio wa majina una maana: catia kabla ya fruit, fruit kabla ya streams_xattr. Faili za zamani zenye majina mabovu zibadilishe kwa mkono ukiwa Ubuntu, ni salama zaidi kuliko kutegemea tafsiri.

Recycle nimeiweka makusudi. Faili likifutwa kupitia mtandao haliendi kwenye pipa la taka la Windows, linapotea moja kwa moja. Kwa mpangilio huo litaangukia /srv/kazi/.taka. Pipa hilo halijisafishi, kwa hiyo likague kila mwisho wa mwezi kabla halijala diski.

Zile .DS_Store (faili fiche za mwonekano wa folda) ambazo Mac inamwaga kila folda, zizuie kwenye Mac yenyewe kwa terminali:

defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool true

Utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Jambo jingine: ukihamisha faili za zamani kutoka ile diski ya nje, nakili kwa cp, usitumie mv. Kwa mv, faili linaweza kuja na mwenyewe na kundi lake la zamani, na wenzako watakataliwa. Ukishakosea:

sudo chgrp -R ofisi /srv/kazi
sudo chmod -R g+rwX /srv/kazi

X iwe herufi kubwa. Inatoa ruhusa ya kuingia kwenye folda bila kugeuza kila waraka kuwa programu.

WinoMkavu:
Nije kwenye printa. 0x0000011b ilianza na masasisho ya Windows ya Septemba 2021, yaliyokaza ulinzi wa kuprinti kupitia mtandao. Njia ya mkato inayosambaa ni kuweka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa 0 kwenye rejista. Inafanya kazi, kwa sababu inaondoa kinga yenyewe. Na Windows 10 imeishiwa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, si mashine ya kuifanya seva ya printa.

P1102 ina tabia zake mbili. Ya kwanza, inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama CD ya draiva badala ya printa, HP wanaita Smart Install. Kwenye Ubuntu hakikisha usb-modeswitch imewekwa, chomoa waya na uuchomeke tena. Ya pili, inahitaji kiambatisho maalumu cha HP:

sudo apt install hplip
hp-setup -i

Ikikuuliza kuhusu plugin, kubali. Baadaye Ubuntu ikisasisha hplip, kiambatisho lazima kiwe cha toleo lilelile. Printa iliyokuwa nzima jana ikianza kupokea kazi bila kutoa karatasi, endesha hp-plugin kabla ya kumwita fundi.

Kuishea (badilisha P1102 uweke jina unaloona kwenye lpstat -p):

cupsctl --share-printers
lpadmin -p P1102 -o printer-is-shared=true
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 631 proto tcp

Usiongeze --remote-any, mtandao wa ndani unatosha. Na kwa kuwa printa iko hapohapo kwa USB, cups-browsed (inayotafuta printa za mtandaoni) huihitaji, ndiyo iliyokutwa na tundu la usalama Septemba 2024:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Mac itaiona yenyewe, CUPS (mfumo wa kuprinti wa Ubuntu) inaitangaza kama ya AirPrint (kuprinti bila draiva kwa vifaa vya Apple) ingawa printa yenyewe haijui AirPrint ni nini. iPhone za ofisini pia zitaiona.

Windows: ongeza printa kwa mkono, chagua ya jina, andika http://192.168.1.10:631/printers/P1102. Draiva chagua Microsoft IPP Class Driver. Usiweke draiva ya P1102 kwenye Windows. Kazi ya kutafsiri kwenda lugha ya printa inafanywa na Ubuntu. Ukiweka draiva ya HP, Windows inatuma kitu kilichokwisha kutafsiriwa, Ubuntu inajaribu kukitafsiri tena, na matokeo ni kazi kukataliwa au rundo la karatasi zenye herufi za ajabu. Windows ikigoma kuonyesha hiyo ya IPP, chagua Generic, kisha MS Publisher Imagesetter. Jina halihusiani na printa yako, lakini linatoa PostScript safi ambayo CUPS inaielewa.

Ukitumia jina la kompyuta badala ya anwani na ukapata "Bad Request", ongeza ServerAlias * kwenye /etc/cups/cupsd.conf na uanzishe upya cups.

Karani_wa_Kati:
Mac imeprinti vizuri kwenye jaribio la kwanza. Windows 11 inatuma, kazi inaonekana kwenye Ubuntu, halafu printa inakaa kimya, taa ya njano inapepesa. Nikibonyeza kitufe chake karatasi inatoka sawasawa.

WinoMkavu:
Hiyo ni karatasi ya Letter. Kazi imefika ikidai Letter, trei ina A4, printa inasubiri uthibitishe kwa kitufe. Kwenye Ubuntu:

lpadmin -p P1102 -o PageSize=A4

Na kwenye Windows ingia Printing Preferences ya hiyo printa, Advanced, uweke A4. Waraka wa Word nao una kipimo chake. Kama ulitengenezwa kwa Letter utadai Letter hata printa iwe imewekwa A4, kwa hiyo angalia Layout, Size kwenye ule unaokusumbua.

Karani_wa_Kati:
Ilikuwa Word. Barua zote zilitokana na kiolezo kimoja cha Letter. Nimekibadilisha, taa imetulia.