Kukodi mashine ya kufyekea majani Mwanza: peke yake, na mtu wake, au vijana wa fyekeo?

Mwanamalimbe

Wakuu habari za wikiendi. Naomba uzoefu wenu kabla sijatoa hela.

Nina eneo la nyumbani Luchelele, kama robo eka, na nyumba imechukua sehemu ndogo tu. Vuli imelipiga mpaka majani yamefika magotini. Ukoka umechanganyika na magugu yenye shina gumu, na mawe kama mnavyoyajua ya kwetu: makubwa yanaonekana, madogo yamejificha humo humo. Tarehe 20 tuna sendofu ya mdogo wangu pale pale nyumbani, kwa hiyo zimebaki wiki tatu.

Jana nimezunguka kutwa, kuanzia Nyegezi hadi Mabatini. Mashine ya kubeba begani bila mtu ni 20,000 kwa siku, dhamana 100,000, mafuta juu yangu. Mwingine ana ile ya kusukuma yenye magurudumu, anataka 35,000. Wa tatu anakuja na mashine yake na mafuta yake, anafyeka mwenyewe, amesema 60,000 kazi nzima. Kisha kuna vijana wawili wa mtaani wenye fyekeo, kila mmoja 15,000 kwa siku, na wanasema siku mbili zinatosha.

Kwa macho ile ya 20,000 ndiyo rahisi. Ni rahisi kweli?

Fundi_Nyakato

Mkuu, hiyo 20,000 ni bei ya kuishika mkononi tu. Ongeza vitu vyake uone.

Mashine nyingi zinazokodishwa hapa mjini ni zile za sisi 52 (cc, ukubwa wa injini), za kuchanganya petroli na oili. Kwenye majani ya magotini inakula karibu lita moja kwa saa. Robo eka kwa mtu asiyezoea ni saa sita za kufyeka, ukitoa mapumziko. Petroli lita sita, tukichukulia lita moja ni karibu elfu tatu, ni kama 18,000. Oili ya 2T chupa ndogo, kamba ya nailoni ya kukatia majani (kwenye mawe inaisha haraka sana), bajaji ya kuichukua na kuirudisha. Hapo umeshavuka 50,000 na mgongo ni wako.

Ile ya kusukuma iache kwa sasa. Ni mashine ya majani mafupi kwenye ardhi tambarare. Kisu chake kinazunguka chini kabisa, kikikutana na jiwe la Luchelele kinapinda, na wakati mwingine shafti ya injini inapinda nacho. Ikifika hapo, dhamana yako haitoshi.

Bwiru_Juu

Nisikilizeni kwenye suala la dhamana maana liliniuma.

Mwaka jana nilikodi ya begani kwa mtu mmoja hapa mjini. Nikakabidhiwa ikiwa na mafuta nusu tangi, nikaambiwa "yameshachanganywa, wewe washa tu." Nikaipeleka Bwiru, nikafanya kazi kama dakika arobaini. Ikaanza kupoteza nguvu, ikalia kama inakwaruza ndani, ikazima. Nikavuta kamba ya kuwashia, haivutiki. Imenoki, yaani injini imekwama. Fundi alipofungua tangi akanusa, akamwaga kidogo kwenye kiganja: petroli tupu, haina hata dalili ya oili. Aliyeikodi kabla yangu aliongeza petroli peke yake, mimi ndiye niliyekutwa nayo mkononi. Laki moja ikabaki kwa mwenye mashine, na sikuwa na karatasi wala picha ya kujitetea.

Tangu siku hiyo, mashine ya mtu namwaga mafuta yote niliyoyakuta mbele ya mwenyewe, naweka niliyochanganya mimi, naiwasha hapo hapo dakika tano, napiga picha kisu, kinga yake na mpini. Tunaandikishana. Asiyetaka kuandikishana namwachia mashine yake.

Fundi_Nyakato

Bwiru_Juu umesema jambo kubwa. Injini za aina hii hazina oili yake ya ndani, oili inaingia pamoja na petroli tu. Ikikosekana, pistoni inasuguana kavu na silinda, na dakika hizo arobaini ni nyingi, nyingine hazifiki hapo.

Kipimo: soma kilichoandikwa kwenye tangi au kitabu chake. Ikiwa ni 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili. Ikiwa ni 50 kwa 1, mililita 20. Mimi nawaambia wateja wanunue bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, lisilo na sindano. Chupa safi ya maji ya lita moja na nusu, kwa 25 kwa 1, ni mabomba matatu kamili. Unafunga, unatikisa mpaka rangi iwe moja. Kizibo cha oili kama kipimo ndicho kinachotuletea mashine gereji kila wiki.

Mama_Ukoka

Mwanangu Mwanamalimbe, mnabishana bei na hakuna aliyekuuliza unafyeka mara ngapi.

Mimi niko Isamilo, bustani yangu ina miaka mingi. Ukoka uliofika magotini ukiushusha chini siku moja, unachobakiza ni vijiti vya njano, maana kijani chote kiko juu. Kanuni ya bustani ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Kwa hali ya kwako huwezi kuifuata kwa ukamilifu, lakini usiukate siku mbili kabla ya sherehe. Mkato wa kwanza uwe wiki hii, uache kimo cha kiganja. Reki, toa majani yote, yakibaki yanaozesha ya chini. Mvua ikipiga, baada ya siku kumi unarudia, na wa pili ndio unaoshusha mpaka vidole vitatu. Siku ya sendofu watu watakanyaga kijani.

Kwa hiyo piga hesabu ya mara mbili. Ukifanya hivyo, bei zako zote zinabadilika.

Mwanamalimbe

Shikamoo mama. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mara mbili kwa 60,000 ni laki na ishirini, hapo naogopa.

Fyeka_Igoma

Marahaba ni ya mama, mimi nakusalimia tu dada. Hii ndiyo kazi yangu, mashine ninayo, kwa hiyo nasema nikiwa upande wa wenye mashine, mjue hilo.

Usilipie mara mbili bei ile ile. Mkato wa kwanza ndio mgumu. Wa pili, majani machanga na mawe yameshaonekana, mimi namaliza kwa saa mbili. Mpatane kazi yote kwa mkupuo: 50,000 ya kwanza na 25,000 ya pili, na ulipe ya pili akirudi. Mtu wa kazi hatakataa, maana amepata uhakika wa siku mbili.

Uliza pia kama bei ina kukusanya na kutoa majani. Wengi wetu tunafyeka, tunaondoka. Robo eka ya majani mabichi ni toroli nyingi sana. Hapo ndipo wale vijana wawili wa fyekeo uwatumie, siku moja: asubuhi watangulie kuokota mawe madogo na kupiga fyekeo kuzunguka mawe makubwa na karibu na ukuta, mchana wareki. Mashine ifanye uwanda tu.

Na kwenye mawe muulize anafungaje. Kisu cha chuma kwa magugu magumu, ila ukikaribia mawe anatakiwa abadilishe aweke kamba. Akikuambia kisu kinatosha kila mahali, huyo atakurushia kokoto. Nimeona kokoto lisilozidi punje ya hindi likitoboa kioo cha gari lililoegeshwa ng'ambo ya uzio. Watoto na kuku wakae mbali, mita 15 si utani, na yeye avae miwani na gambuti.

Mtunza_Bustani_Capri

Mimi natunza nyumba ya wageni Capri Point. Tunatumia ya umeme ya kusukuma, wati 1,600. Saa moja ni uniti 1.6, kwa 356 kila uniti haifiki hata 600. Kwa gharama ya kuendesha hakuna inayoikaribia. Lakini uwanja wetu ni tambarare, unakatwa kila wiki, na soketi iko karibu. Majani yakiwa na umande au mvua hatuigusi, kwa sababu waya unaburuzwa humo humo. Kwa Luchelele ya sasa haifai. Ukishaushusha uwanja na kuondoa mawe, hapo fikiria.

Jirani_wa_Ziwa

Dada, kama eneo lako linashuka mpaka majini, usifyeke mpaka ukingoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ziwani, na yale majani ya ukingoni ndiyo yanayozuia udongo usiteremke na mvua. Na vijana wakimaliza wasioshee miguu ziwani, kichocho kipo. Wawekee ndoo.

Bwiru_Juu

Kununua je? Mpya ya sisi 52 niliulizia, wanaanzia 280,000.

Mama_Ukoka

Kwa mtu mmoja mwenye robo eka, bado mapema. Sisi Isamilo tulichanga nyumba nne, 70,000 kila nyumba. Inakaa kwangu, kila anayeitumia anachanganya mafuta yake na kuyamaliza tangini kabla ya kuirudisha. Mwaka wa tatu huu, tumebadilisha plagi na kamba tu. Ila majirani muwe mnaelewana.

Mwanamalimbe

Wakuu, narudisha mrejesho kama nilivyowaahidi baadhi yenu faragha.

Nilimrudia yule wa 60,000, nikampa hoja ya mikato miwili. Tumeshikana 75,000, nusu ya mwisho baada ya mkato wa pili. Vijana wawili niliwalipa 15,000 kila mmoja siku moja, na chakula. Jumla 105,000, na sijaweka dhamana kwa mtu. Ningekodi ile ya 20,000 mara mbili, na mafuta, bajaji na hao hao vijana wa kureki, ningefika hapo hapo nikiwa nimefyeka mwenyewe.

Mkato wa kwanza umefanyika Jumanne. Vijana walitoa mawe madogo toroli tano kabla mashine haijawashwa, na bado kisu kililia mara moja kwenye jiwe lililozama usawa wa ardhi. Jamaa alizima, akaniita nije nione: jino moja la kisu limepinda. Akafunga kamba, akaendelea, wala hakuniongezea bei. Pale penye jiwe nimechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwa ajili ya mkato wa pili.

Leo mvua imepiga kuanzia alfajiri. Mama Ukoka, yameanza kuchipua, bado yana unjano karibu na geti. Nimwagilie pale au niache mvua?

Mama_Ukoka

Acha mvua. Palipo njano wasipite na kitu kizito wiki hii, hasa gari la turubai. Wabeja, asante kwa kurudi kutuambia.