Demis Hassabis: utafiti wa ubongo ulimsaidia nini kwenye kompyuta?

Mwanagenzi: Wanajukwaa, habari zenu. Nafuatilia safari ya Demis Hassabis, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024 pamoja na John Jumper na David Baker. Alisomea sayansi ya kompyuta Cambridge, akaanzisha kampuni ya michezo ya kompyuta, na ilipofungwa mwaka 2005 akarudi darasani kusomea ubongo katika University College London. Je, masomo hayo yalimpa kitu ambacho mhandisi wa kawaida asingekipata, au ni pambo la wasifu tu? Mdogo wangu anatamani kupita njia hiyo, ndiyo maana nauliza.

Darubini: Ndugu Mwanagenzi, si pambo. Mwaka 2007, akiwa na msimamizi wake Eleanor Maguire na wenzao, aliwachunguza wagonjwa walioharibika hipokampasi, sehemu ya ubongo tunayoitegemea sana katika kumbukumbu. Mgonjwa aliombwa, kwa mfano, ajione amelala kwenye ufuko wenye mchanga mweupe, kisha aeleze anachokiona. Wengi wao walitaja kitu kimoja kimoja, lakini vipande hivyo havikuungana kuwa mahali pamoja. Kumbe sehemu inayotukumbusha ya jana ndiyo pia inayotusaidia kujenga picha ya yasiyotokea bado, na kwa mtu aliyekusudia kuunda mashine yenye kupanga mambo, hilo si dogo. Programu ya mwaka 2015 ya DeepMind, kampuni ya akili bandia aliyoianzisha baadaye, iliyojifunza michezo 49 ya video ya Atari, ilihifadhi iliyoyapitia na kuyarudia ili ijifunze, nao watafiti wenyewe walilihusisha jambo hilo na hipokampasi.

Nahodha: Naomba nitofautiane kidogo na Darubini. Mbinu hiyo ya kurudia, mtafiti wa kompyuta Long-Ji Lin aliichapisha mwaka 1992, miaka miwili kabla ya watafiti wa ubongo Wilson na McNaughton kuonyesha kwamba seli za hipokampasi za panya aliyelala huamka pamoja kama zilivyofanya alipokuwa akizunguka akiwa macho. Tena AlphaFold, programu ya DeepMind iliyomletea Nobel, hutabiri maumbo ya protini. Humo sioni ubongo uko wapi. Wasifu wa mtu ukisomwa kuanzia mwisho, kila hatua huonekana kana kwamba ilipangwa.

Fundi Mitambo: Nahodha ana hoja, ila deni haliko upande mmoja. Mwaka 1997 watafiti Schultz, Dayan na Montague walichukua kanuni ya kujifunza iliyotoka kwenye kompyuta, wakaeleza kwayo kwa nini seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na malipo, huitikia tofauti kati ya malipo yaliyotarajiwa na yaliyopatikana. Dayan huyo ndiye baadaye aliyeongoza Gatsby, kituo cha utafiti wa ubongo kwa njia ya hesabu, pale pale University College London, ambako Hassabis alikutana na Shane Legg; mwaka 2010 wawili hao wakaanzisha DeepMind pamoja na Mustafa Suleyman. Nionavyo mimi, faida kubwa aliyoipata ni kukaa na watu waliokuwa wakiuliza maswali ya ubongo na ya mashine kwa milinganyo ileile. Mdogo wako basi aanze na hisabati. Biolojia ya neva ataikuta mbele.