Mtunzi kala hela zetu, halafu ananiita "msomaji wa buku mbili"!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtunzi wa simulizi ya wale mabinti wa Mlimani, chuo kikuu pale Dar, simtaji, mnamjua, usiku huu kaniita "msomaji wa buku mbili". Mbele ya grupu zima!

Kosa langu? Nimeuliza Zuhura yuko wapi. Basi.

Mliosoma mnajua. Neema na Zuhura tangu mwaka wa kwanza wamebebana kitanda kimoja hosteli ya Mabibo, maana Zuhura alikosa chumba. Boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, wanakopa wali maharage kwa mama ntilie, sahani moja, vijiko viwili. Zuhura akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, Neema anakesha naye wakisoma kwenye madarasa ya Yombo. Halafu anaingia Denis. Penzi linanoga, Zuhura anadisko, anaondolewa chuo kwa kufeli, anapiga simu usiku kucha, Neema hapokei, yuko na Denis wake. Asubuhi Zuhura kashaondoka, kaacha kanga imekunjwa juu ya mto. Nililia kama nimefiwa.

Miezi yote hiyo tunasubiri hao wawili wakutane! Sehemu ya mwisho tumelipia hizo buku mbili, inatoka: HARUSI. Keki ina ghorofa nyingi kuliko Kariakoo nzima. Shangazi wa Denis kapewa aya tatu, na kilemba chake. Zuhura hata kutajwa hakuna! Hata "Zuhura hakuja" hakuna! Kanga nani kaitoa pale kwenye mto?

Nikauliza kwa adabu zote. Jibu: "Msomaji wa buku mbili usinipangie kazi." Mimi niliyemletea ofisi nzima, mpaka bosi anasoma kikaoni! Buku mbili!

Mapenzi yako kila kona. Sisi tulifuata urafiki, mabinti wanaokua, wanaumizana, wanaombana radhi. Neema kakua lini, na samahani hajaisema? Kuolewa ndiyo kukua?

mzee_wa_sapu: Buku mbili ni chipsi kavu, tena bila kachumbari. Ulitaka na Zuhura juu?

Binti Kigamboni: Wewe una nafuu. Mimi nililipia ile yake ya Dodoma, dada wa watu mpaka leo yuko ICU, mashine inalia tiii. Mtunzi kahamia simulizi nyingine.

Kaka Mkubwa: Denis hana kosa lolote, mwacheni.

Mleta mada: Nani kamtaja Denis kwa ubaya? Nimeitwa msomaji wa buku mbili mimi!

Binti Kigamboni: Denis hana kosa? Simu inalia pembeni yake usiku kucha, asimwambie mwenzake apokee? Kaka, unajitetea au unamtetea?

lipumba_la_nyuki: Mimi kilichonikera ni sapu. Sapu unarudia mtihani kwanza, hudisko hivihivi. Mtunzi hajakanyaga chuo huyo.

mzee_wa_sapu: Hapo umenena. Na mama ntilie gani anakopesha wanachuo? Wa kwetu alibandika majina ya wadaiwa mlangoni.

Mleta mada: Jamani, Zuhura!

lipumba_la_nyuki: Wa kwetu alikuwa anakuja mpaka darasani na daftari lake. Profesa anafundisha, mama kasimama mlangoni anahesabu vichwa.

first_year_mpole: Samahani wakubwa, naona mmetaja boom. Limeshaingia? Wenzangu wanasema wamesaini, mimi jina langu silioni.

Kaka Mkubwa: Kozi gani, dogo?